Mzee na nauli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wazee kupanda basi bure

Nina steshenari ndogo Buzuruga, hapa Mwanza. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti na kuwajazia wazee fomu za mafao. Tangu ile video ianze kuzunguka kwenye magrupu ya mtaa, ile ya mama wa Kitanzania aliyeko Birmingham anayegusisha kadi kwenye mashine ya basi, mashine inalia, naye anapita bila kutoa hata senti, sipiti siku mbili bila mzee kuingia dukani kuniuliza fomu ya kadi hiyo inapatikana wapi. Nimejibu mpaka sauti imekauka. Haya hapa maandishi. Vijana, wasomeeni babu na bibi zenu.

Je, hapa Mwanza mzee anapanda daladala bure?

Hapana. Hakuna kadi wala fomu, na anayekwambia anayo ila anataka elfu tano ya "usajili", huyo anakula hela yako. Nauli za daladala zinapangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Katika nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 mtu mzima analipa shilingi 600 na mwanafunzi 200. Mzee hana fungu lake. Bibi wa miaka 85 anayetoka Buzuruga kwenda mjini analipa sawasawa na kijana wa gereji.

Mbona basi kuna konda wanaoniambia "bibi, wewe kaa tu"?

Hiyo ni hisani, na ni vizuri ujue inatoka mfuko gani. Daladala nyingi ni za watu binafsi. Dereva na konda wanampelekea tajiri hesabu kila jioni, kiasi kilekile, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki ndicho wanachogawana. Konda akikuachia nauli, tajiri hapungukiwi na chochote, serikali haipungukiwi, inayopungua ni ugali wa yule kijana anayening'inia mlangoni. Ndiyo maana asubuhi utamwona mkali kama siafu, halafu saa kumi jioni anakupokea kikapu na kukuamkia. Kijana ni yuleyule, ila jioni hesabu imeshatimia.

Siku moja nilikaa nyuma ya mzee mmoja kwenye Hiace ya kwenda mjini. Alitoa leso mfukoni mwa koti, akaifungua fundo kwa meno, akaanza kuhesabu sarafu kwenye kiganja: mia mbili, mia, mia, hamsini. Konda amesimama juu yake akichezesha chenji mkononi, kacha kacha kacha. Nyuma mtu anasonya. Zikafika 450. Konda akazichukua zote, akazitazama, kisha akamrudishia ile ya hamsini: "Hii kanunue peremende, babu." Gari zima likacheka. Mzee hakucheka. Alitazama nje mpaka Mabatini.

Konda yule hakuwa na roho mbaya, alisamehe 200 yake. Lakini ukiniuliza kwa nini suala la kadi linanihangaisha, ni kwa sababu ya ile hamsini.

Huko Uingereza, ni nani hasa anapanda bure?

Usiseme Uingereza kwa jumla, maana kila upande una utaratibu wake.

England, kadi inapatikana mtu akifika umri wa pensheni ya serikali. Zamani ilikuwa miaka 60. Kuanzia 2010 umri ukawa unasogezwa kidogo kidogo mpaka ukafika 66, na kati ya 2026 na 2028 unapanda kwenda 67. Tangu tarehe 1 Aprili 2008, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2007, kadi ya mkaazi wa mji mmoja inafanya kazi kwenye mabasi ya kawaida ya England nzima. Kabla ya hapo ilikuwa ukivuka mpaka wa wilaya yako, unalipa.

Scotland na Wales wameacha umri palepale 60. Wales walianza 2002, Scotland 2006. Scotland wameongeza na vijana: tangu Januari 2022 wenye umri chini ya miaka 22 nao wanapanda bure. Ireland ya Kaskazini pia ni 60. Na London wana kadi yao wenyewe, pana zaidi, inayoingia mpaka kwenye treni za chini ya ardhi.

Yule mama wa kwenye video, kwa kuwa yuko Birmingham, anafuata utaratibu wa England.

Sasa hiyo nauli analipa nani? Basi haliendi kwa maji.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, na ndipo wengi wanaporuka.

Mabasi ya huko, sehemu kubwa, ni ya kampuni binafsi kama yalivyo ya kwetu. Mzee akigusisha kadi, mashine inaandika safari moja. Mwisho wa kipindi kampuni inapeleka hesabu ya safari hizo kwa halmashauri, na halmashauri inairudishia fedha kutoka kwenye kodi. Kanuni yao ni kwamba kampuni isipate faida kwa kumbeba mzee, wala isipate hasara. Hawalipi nauli kamili kwa kila safari, kwa sababu wanasema baadhi ya wazee wasingepanda kabisa kama wangetakiwa kulipa, na basi lilikuwa linapita hapo hata hivyo. Kampuni na halmashauri huvutana sana juu ya hesabu hiyo, kila mwaka.

Lakini angalia dereva. Yeye haimhusu. Hasamehi, hasaidii, hatoi sadaka. Mashine imelia, pita ukakae. Mzee hana deni la shukrani kwa mtu yeyote ndani ya basi, na hakuna wa kumpa hamsini ya peremende.

Ni kweli wanakatazwa kupanda asubuhi?

England, siku za kazi, kadi inaanza kufanya kazi saa 3:30 asubuhi mpaka saa 5 usiku. Wikendi na sikukuu ni siku nzima. Baadhi ya halmashauri huongeza saa kwa fedha yao. Sababu ni kwamba asubuhi mabasi yamejaa wafanyakazi na wanafunzi. Basi utawakuta wazee wamejipanga kituoni saa 3:25, wanamwuliza dereva kwa upole kama wamewahi mno, mpaka madereva wamewatungia jina la utani kutokana na swali hilohilo.

Scotland hawana masharti ya saa.

Wanaitumia kwenda wapi? Si wamestaafu?

Swali hili aliniuliza kijana mmoja wa bodaboda, na nilitamani bibi yake awe karibu amsikie.

Wanakwenda hospitali, sokoni, kanisani, kuwachukua wajukuu shule ili wazazi wao waendelee na kazi. Wanakwenda kunywa chai na mwenzao aliyebaki. Wako wanaopanda basi bila kwenda popote: anakaa dirishani, anazunguka mpaka mwisho wa njia, anarudi. Nyumbani yuko peke yake, kwenye basi kuna watu. Wapo pia wastaafu walioikata England kutoka pembe moja hadi nyingine kwa mabasi ya kawaida, wakiunganisha mji na mji kwa siku kadhaa, kwa kadi ileile.

Watafiti wa huko waliochunguza wenye kadi walikuta jambo ambalo mwanzoni linashangaza: wanatembea kwa miguu zaidi kuliko wasio nayo. Ukitafakari utaona ni lazima iwe hivyo. Basi halikufuati mlangoni. Unatembea kwenda kituoni, unatembea kutoka kituoni, na sokoni unazunguka. Asiyekuwa na basi anakaa barazani.

Kadi ina mipaka. Mabasi ya masafa marefu ya kukata tiketi mapema hayamo. Treni, kwa kawaida, hazimo. Na kijiji ambacho basi limefutwa, kadi ni picha yako tu. Mabasi mengi ya vijijini huko yamefutwa miaka ya karibuni, kwa hiyo kuna wazee wenye kadi nzuri kabisa na hawana cha kupanda.

Mwanangu anaishi Leeds. Nikienda kumtembelea nitapata?

Hapana. Ni ya mtu ambaye makazi yake makuu yako kule. Mgeni wa miezi mitatu analipa, hata awe na miaka 90. Beba hela, na beba sweta.

Ni Waingereza tu wenye mambo haya?

Sivyo. Brazili wameiandika kwenye katiba yao ya mwaka 1988: mwenye miaka 65 na kuendelea hapaswi kulipa usafiri wa umma wa mjini. Ireland walianza mwaka 1967, na wao wameingiza mpaka treni.

Ninaowapenda ni wazee wa Seoul. Korea Kusini, tangu 1984, mwenye miaka 65 anapanda treni za chini ya ardhi bure. Wazee wengine wakaona: usafiri bure, muda tunao, miguu bado ipo. Wakaanza kazi ya kupeleka vifurushi. Mteja anataka maua au nyaraka zifike upande wa pili wa jiji, babu anachukua, anashuka ngazi, anapanda treni, anafikisha, anapata chochote kitu. Kampuni za treni zinalalamika kuhusu hasara, wanasiasa wanabishana kama umri upandishwe, na babu anaendelea na kifurushi chake. Fikiria wazee wa Mwanza wakipata kitu cha namna hiyo. Bodaboda wangegoma.

Matibabu ya wazee si ni bure? Kwa nini tuzungumzie nauli?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanapewa msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali. Vituo vingi vina dirisha la wazee, na ukutani kuna maandishi ya kuomba mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Ni jambo jema, limewasaidia wengi.

Ila dirisha liko hospitali, na mzee yuko nyumbani.

Tupige hesabu ya bibi mmoja mteja wangu, mwenye presha na sukari. Haoni vizuri, hivyo anasindikizwa na mjukuu aliyemaliza darasa la saba. Anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Mara nne 600 ni 2,400, mara watu wawili ni 4,800. Kama anakwenda Bugando, bado kile kilima. Mnaokijua mnakijua: hospitali iko juu kabisa, na kwa magoti ya miaka 78 huwezi kumwambia mtu apande taratibu. Hapo ni bajaji. Siku hiyo mjukuu hakuuza maandazi. Na wakati mwingine anafika, anaambiwa kipimo fulani mpaka Alhamisi.

Bibi huyo ameshawahi kuruka kliniki miezi miwili. Daktari akamgombeza kwamba hapendi dawa. Aliponisimulia alikuwa anacheka, anajipangusa macho kwa pindo la kitenge. "Dawa nazipenda, mwanangu. Mimi na dawa hatuna ugomvi."

Kwa nini basi wazee wasipewe nauli ya mwanafunzi? Shilingi 200 kila mtu angeiweza.

Wazo hili ndilo la kwanza kumjia kila mtu, nami nililishabikia muda mrefu. Nimebadili mawazo, na sababu utaiona kituoni saa 12 asubuhi.

Tazama wanafunzi wanavyosimama. Gari linakuja, konda anawaona wamevaa sare, anamgongea dereva apitilize. Au anaziba mlango kwa mkono: "Wawili tu! Wawili!" Punguzo la mwanafunzi lipo kisheria, lakini hakuna anayemfidia konda ile 400 inayobaki, kwa hiyo mwanafunzi amekuwa mzigo. Anayebebwa anasimama, akipata kiti ananyanyuliwa.

Sasa mweke bibi yako pale na kitambulisho chake cha 200. Leo hii anasimamishiwa gari kwa sababu ni abiria wa 600, na anapishwa kiti kwa sababu ni bibi. Kesho atakuwa hasara. Mtoto wa shule anakimbia, anadandia. Bibi atabaki na kumbukumbu ya moshi.

Punguzo lisilo na mlipaji linamhamishia konda mzigo wa taifa. Kama tunataka kadi, lazima kwanza tujue nani atamrudishia mwenye gari, na kwa hesabu gani. Kwenye daladala isiyo na tiketi wala mashine, konda atasema amebeba wazee 40, halmashauri itasema 10, na wote watakuwa wanakisia. Ndiyo maana kadi ya namna ile ni kazi nyepesi penye mabasi yenye mashine za tiketi kuliko kwenye Hiace.

Si bora wazee wapewe fedha tu mkononi, kila mtu ajipangie?

Zanzibar wamekwenda njia hiyo. Tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 na kuendelea analipwa pensheni ya jamii, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa. Kenya nao wana malipo ya wazee wa miaka 70 kupitia Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi.

Uzuri wa fedha ni kwamba konda anaipokea bila kujua imetoka wapi. Ubaya wake ni kwamba ikiingia ndani ya nyumba ina wenyewe wengi: daftari la mtoto, luku, vocha ya kijana. Kadi haiwezi kununua unga. Mimi ningechagua fedha, kwa Mwanza ya leo, kwa sababu ya hayo niliyosema kuhusu mashine. Mke wangu angechagua kadi, anasema mimi siwajui wajukuu. Tumeliacha hapo.

Tukitaka kulisema jambo hili, tunalisema wapi?

Usianze na konda, wala mwenyekiti wa mtaa hapangi nauli. Halmashauri nayo haipangi, inayopanga ni LATRA, na kabla ya kupanga hupokea maoni ya wadau. Wakati huo ndio wa kwenda na kuongea, maana wamiliki wa magari huwa hawakosi, wazee ndio hawaonekani. Suala la fedha ya kufidia ni la bajeti, hilo ni la mbunge. Baraza la wazee la kata yako likiandika barua yenye mihuri, inasomwa kuliko malalamiko ya mtu mmoja. Kuchapa nitawachapia.

Kwa sasa, nifanyeje nauli inisumbue kidogo?

Omba kliniki zako ziunganishwe siku moja. Wengi hawajui kwamba inawezekana: sema mapema, kabla muuguzi hajaandika tarehe, "naomba macho na presha iwe siku moja, natoka mbali." Bibi wa 4,800 ameokoa safari nzima kila mwezi kwa sentensi hiyo.

Epuka saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, ukiweza. Saa nne gari lina nafasi na konda ana muda wa kukushika mkono. Uliza nauli kabla ya kupanda, siyo baada ya mlango kufungwa. Weka sarafu tayari mkononi. Sema unashuka wapi mapema, na usisimame mpaka gari lisimame, hata wakikupigia kelele. Nyonga ikivunjika, habari ya nauli utaisahau.

Na sisi wa ng'ambo, Sengerema na Ukerewe?

Wa Sengerema angalau mmepata Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 19, 2025. Kilomita tatu juu ya maji badala ya kusubiri kivuko Kigongo na mgonjwa kwenye kiti. Gari bado linalipiwa. Wa Ukerewe, nauli yenu ina maji ndani yake na ratiba ya kivuko juu yake. Kwenu suala la kulala mjini, kwa ndugu au kwa kulipa, ni kubwa kuliko la daladala.

Konda akikataa hela yangu nami sitaki kuwa na deni, nifanyeje?

Kuna bibi wa Nyakato, mfupi, mwenye kikapu cha ukindu. Ana konda wake mmoja ambaye hamtozi kamwe, na yeye hamlazimishi. Anakaa mbele, pale juu ya injini, anamsalimia "ng'wangaluka" na kuuliza mtoto ameanza kutembea. Wiki iliyopita nilikuwa gari hilohilo. Aliposhuka Mlango Mmoja, konda aligeuka kupanga abiria, akakuta pale alipokuwa amekaa bibi kuna ndizi mbivu tatu zimefungwa kwenye gazeti. Akaita, "Bibi! Umesahau!" Bibi alikuwa ameshavuka barabara.